Kila Kosa la Kupima Lina Upande Wake

Asubuhi ya Julai, Nairobi ina baridi ya kuuma. Mgonjwa ameshuka matatu, amekaza mwendo hadi kituo cha afya, na sasa ameketi mbele ya muuguzi akiwa bado na sweta mbili. Kabla pumzi haijamtulia amefungwa mkanda wa presha juu ya sweta, kidole kimeingizwa kwenye oksimeta, kifaa cha kupima oksijeni ya damu, kipimajoto kimeelekezwa kwenye paji la uso, na kadi imeandikwa: joto 35.4, mapigo 104, pumzi 20, presha 152/96, oksijeni 89. Ukiisoma kadi hiyo bila kumwona mwenyewe, utaita machela. Kumbe huenda ana mafua tu. Sweta nene na mkono unaoning'inia vimepandisha presha. Mwendo umepandisha mapigo. Baridi imeshusha joto la ngozi na kukibana kidole hadi oksimeta haioni damu ya kutosha. Nazo pumzi 20, kuna uwezekano mkubwa kwamba hakuna aliyezihesabu.

Vipimo hivi vitano huitwa ishara za uhai, na kila anayesomea uuguzi hukariri viwango vyake mapema. Mtu mzima aliyetulia huwa na joto la kwapani la 36.0 hadi 37.4, mapigo 60 hadi 100 kwa dakika, pumzi 12 hadi 20, oksijeni asilimia 95 au zaidi, na presha isiyofika 140/90, ingawa chini ya 120/80 ni bora zaidi. Kukariri si kazi ngumu. Ugumu uko katika kujua ni lini nambari inadanganya, na hapo kuna jambo moja la kusaidia sana: makosa ya kupima hayayumbi ovyo. Karibu kila kosa huvuta nambari upande mmoja unaojulikana, juu au chini. Anayejua upande huo anaweza kuitazama kadi na kusema ni nambari ipi ya kutilia shaka, na ukweli uko upande gani wake.

Jambo hili halihusu wauguzi wa wodini peke yao. Tangu 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii nchini Kenya wamekabidhiwa mikoba yenye vifaa vya kupimia, na presha sasa hupimwa mlangoni kwa mtu, kwenye kiti cha plastiki, katikati ya kelele za ploti.

Pumzi: kipimo kisichohitaji mashine na kinachopuuzwa kuliko vyote

Tunaanza na pumzi kwa makusudi, kwa sababu ndiyo hubadilika mapema mwili unapoanza kushindwa. Viungo visipopata damu au oksijeni ya kutosha, seli hutengeneza asidi. Ubongo huigundua asidi hiyo na kuamuru mapafu yafanye kazi zaidi ili kuitoa kwa njia ya hewa ya kaboni. Hali hiyo hutokea katika nimonia, katika maambukizi yaliyoingia kwenye damu, katika kuvuja damu, na katika kisukari kilichopita kiasi, ambapo pumzi huwa nzito na ya kina kama ya mtu aliyetoka kukimbia ilhali amelala kitandani. Mgonjwa anaweza kuwa na presha nzuri kabisa huku pumzi zake zimeshafika 28. Katika mfumo wa alama za tahadhari wa madaktari wa Uingereza, uitwao NEWS, pumzi 25 kwenda juu humpa mgonjwa alama 3, kiwango cha juu kabisa kwa kipimo kimoja. Pumzi 8 kwenda chini humpa 3 vilevile, na kwa mgonjwa aliyepewa mofini, dawa kali ya maumivu, hiyo ni dharura.

Pamoja na hayo, ukipita wodi nyingi utakuta chati ambazo kila mgonjwa ana pumzi 20, kuanzia kitanda cha kwanza hadi cha mwisho, asubuhi na jioni. Hiyo ni nambari ya kujaza nafasi, na inaficha ishara ile ile ambayo ingemwokoa mtu. Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Anayehesabu kwa sekunde 15 kisha akazidisha kwa 4 hugeuza kosa la pumzi moja kuwa kosa la pumzi nne, na pumzi nne ndizo zinazotenganisha 20 ya mzima na 24 ya mgonjwa.

Mtu akijua anahesabiwa pumzi, hubadilisha jinsi anavyopumua bila kukusudia. Basi shika kifundo cha mkono wake kama anayepima mapigo, maliza mapigo, usiuachie mkono, kisha uhamishie macho kifuani. Kuvuta na kutoa ni pumzi moja. Asiwe anazungumza, maana mazungumzo huivuruga hesabu, mara nyingi kwa kuishusha. Wakati huo huo tazama yale ambayo nambari haiyasemi: je, anatumia misuli ya shingo? Anaegemea mbele mikono ikiwa magotini? Anamaliza sentensi, au anakatika kila baada ya maneno mawili?

Kwa mtoto, dakika hiyo moja ina uzito zaidi. Mama amshike mapajani, shati lipandishwe, na mtoto awe ametulia. Kulia huipandisha hesabu, na mtoto anayenyonya huvuruga mpangilio wa pumzi, kwa hiyo ngoja amalize. Mipaka ya pumzi za haraka inayotumika katika vituo vyetu ni hii: mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika, wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi, wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi. Kwa kichanga, ukipata 60 au zaidi, hesabu mara ya pili, kwani watoto wachanga hupumua kwa vipindi visivyo sawa. Kisha angalia sehemu ya chini ya kifua: ikiingia ndani mtoto anapovuta pumzi, badala ya kutoka nje, mapafu yake yamekuwa magumu na anapigana kupata hewa. Mlio mkali wakati wa kuvuta pumzi ndani, mtoto akiwa ametulia, unaonyesha njia ya juu ya hewa imebanwa. Huyo hasubiri foleni.

Mapigo

Tumia ncha za vidole viwili au vitatu upande wa kidole gumba wa kifundo cha mkono. Usitumie kidole gumba chako mwenyewe, kwa kuwa kina mshipa wenye nguvu na unaweza kujihesabu wewe. Ukibonyeza kwa nguvu mno utaizima ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, na mapigo dhaifu yatapotea kabisa. Mapigo yakienda kwa mpangilio, sekunde 30 mara mbili zatosha. Yakirukaruka, hesabu dakika nzima, tena kwa stethoskopu kifuani, kwenye nafasi ya 5 kati ya mbavu upande wa kushoto, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. Sababu ni kwamba moyo unaopiga ovyo hutoa mapigo mengine hafifu yasiyofika mkononi. Kosa hapa huvuta chini: mkononi utapata 88 kumbe moyo unapiga 120. Watu wawili wakihesabu kwa pamoja, mmoja kifuani na mwingine mkononi, tofauti yao ni habari muhimu ya kumpa daktari.

Homa hupandisha mapigo, kwa makadirio ya 10 hivi kwa kila digrii moja. Ukikuta homa ya 39.5 na mapigo 80, usifurahi haraka. Uliza kama mgonjwa anatumia dawa za moyo zinazopunguza mapigo, na kumbuka kwamba homa ya matumbo inajulikana kwa tabia hiyo.

Kwenye ateri ya shingo, papasa upande mmoja tu kwa wakati. Kwa mtoto mchanga, tafuta ndani ya mkono wa juu, kati ya kwapa na kiwiko, maana shingo yake fupi haikupi nafasi.

Presha, na milimita zinazoibwa au kuongezwa

Mwaka 1905 daktari wa upasuaji wa Urusi, Nikolai Korotkoff, alieleza njia ambayo bado tunaitumia. Mkanda ukibana ateri ya mkono kabisa, hakuna sauti. Ukilegezwa, damu huanza kupenya kwa vishindo kwenye mshipa uliobanwa, na vishindo hivyo husikika kwa stethoskopu: sauti ya kwanza ndiyo presha ya juu, nambari ya kwanza kwenye kadi. Mshipa ukifunguka wote, damu hupita kimya: pale sauti zinapopotea ndipo presha ya chini, nambari ya pili. Makosa mengi tutakayoyataja yanatokana na picha hiyo ndogo ya mshipa unaobanwa na kuachiwa.

Mkanda kwanza. Mfuko wa hewa ulio ndani yake unapaswa kuwa na upana wa asilimia 40 ya mzingo wa mkono, na urefu wa kuuzunguka kwa asilimia 80. Mkanda wa kawaida wa mtu mzima unafaa mkono wenye mzingo wa sentimita 27 hadi 34. Mkono wa 35 hadi 44 unahitaji mkanda mkubwa. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene haubani mshipa sawasawa, hivyo hulazimu hewa nyingi zaidi na kukupa presha ya juu kuliko ilivyo. Mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba hufanya kinyume. Kwa maoni yetu, kituo chenye mkanda wa saizi moja tu hakijawa tayari kupima presha, kwa sababu kitawaandikia watu wanene dawa wasizozihitaji na kumwacha mzee aliyekonda aondoke na ugonjwa wake.

Pili, mkono. Uwe umeegemezwa mezani, katikati ya mkanda ikilingana na moyo. Kila sentimita 10 chini ya moyo huongeza karibu milimita 8 za zebaki, ambazo ndizo kipimo cha presha, kwa uzito wa damu yenyewe, na mkono ulioinuliwa juu ya moyo hupunguza kiasi hicho hicho. Mkono unaoning'inia pembeni mwa kiti, au uliolazwa mapajani, unatosha kumgeuza mwenye 134 kuwa mgonjwa wa presha.

Tatu, mtu mwenyewe. Dakika 5 za kuketi kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu isipishane. Nusu saa bila sigara, kahawa au mazoezi, na kwa aliyepanda ngazi za ghorofa 4 hayo ni mazoezi. Kibofu kiwe kimetolewa mkojo. Kikijaa huipandisha presha, na aliyekaa kwenye foleni tangu alfajiri akiogopa kupoteza nafasi yake huenda hajapata kwenda haja. Mazungumzo hupandisha pia, hata ya kujibu tu “Mama, unaishi wapi?” Maswali yaulizwe kabla au baada.

Utayaona mwenyewe: karibu makosa yote ya haraka huvuta juu. Ndiyo maana presha ya 150/95 iliyopimwa mlangoni haiandikiwi dawa papo hapo. Ngoja dakika 1 au 2, pima tena, na thibitisha siku nyingine. Presha iliyo juu sana, kuanzia 180/110, au yenye maumivu ya kifua, kupooza upande mmoja au kuchanganyikiwa, hiyo ni habari tofauti na haingoji siku nyingine.

Kosa kubwa linalovuta chini hutokana na kuruka hatua moja. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wazee wenye presha ya siku nyingi, sauti husikika, kisha hupotea kwa muda, halafu hurudi. Ukijaza mkanda hadi 160 ukaanzia ndani ya kimya hicho, utasikia sauti ya kwanza kwenye 150 na kuandika 150, kumbe ya kweli ilikuwa 200. Kinga ni rahisi. Funga mkanda kwenye ngozi tupu, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 2 hadi 3 juu ya mkunjo wa kiwiko. Papasa mapigo ya kifundo cha mkono huku ukijaza hewa. Yakipotea, kumbuka nambari hiyo, toa hewa yote, ngoja kidogo. Sasa weka stethoskopu, jaza hadi 30 juu ya nambari ile, kisha shusha polepole, milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Anayeshusha haraka huikosa sauti ya kwanza, akaandika presha ya juu iliyo chini ya ukweli, na huipita sauti ya mwisho, akaandika presha ya chini iliyo juu ya ukweli. Sindano ya mashine isiposimama kwenye 0 mkanda ukiwa mtupu, mashine hiyo irudi kwa fundi. Mashine za betri nazo hukosea mapigo yanaporukaruka, kwa hiyo mgonjwa wa aina hiyo apimwe kwa stethoskopu.

Usikunje mkono wa sweta hadi juu ukawa kama kamba, vua. Usifunge mkanda kwenye mkono wenye mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya kusafisha damu, wala upande ulioondolewa titi pamoja na tezi za kwapa.

Mjamzito apewe macho ya pekee. Presha ya 140/90 baada ya wiki 20 za mimba, hata kama anajisikia vizuri, inadai mkojo upimwe protini na mama aulizwe kuhusu kichwa kuuma, kuona nyota machoni na maumivu chini ya mbavu za kulia. Ikifika 160/110, kifafa cha mimba na kiharusi viko karibu. Kwa mzee anayesema kichwa kinazunguka akisimama, pima akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama: presha ya juu ikishuka kwa 20, au ya chini kwa 10, umepata sababu ya kuanguka kwake.

Joto na oksijeni

Kipimo cha 37 kama joto la kawaida tumekirithi kutoka kwa daktari Mjerumani Carl Wunderlich, aliyechapisha kazi yake mwaka 1868 baada ya kupima wagonjwa wengi mno kwa vipimajoto vya kwapani. Tangu hapo tumejua kwamba mahali pa kupimia hubadilisha jibu. Kwapa huwa karibu nusu digrii chini ya mdomo, na njia ya haja kubwa karibu nusu digrii juu ya mdomo. Kwa hiyo andika mahali. Katika vituo vya watoto, 37.5 ya kwapani huhesabiwa homa.

Kwapa lenye jasho huvuta chini: likaushe kwa kulipanguza bila kusugua, na ncha ikae katikati kabisa, mkono ukibana kifua. Chai ya moto huvuta joto la mdomoni juu, maji baridi huvuta chini. Ngoja dakika 15 hadi 30. Kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji husoma ngozi tu, kwa hiyo aliyetoka kwenye baridi ya Julai atasoma chini na aliyesimama juani atasoma juu. Mwache akae ndani kwanza, na nambari yoyote ya ajabu ithibitishwe kwapani. Vipimajoto vya zebaki bado vimo kwenye droo nyingi, ingawa mkataba wa kimataifa wa Minamata uliweka 2020 kuwa mwisho wa kuvitengeneza na kuviuza nje. Kikivunjika, usifagie zebaki wala usiifyonze kwa mashine ya vumbi: fungua madirisha, ondoa watu, kusanya matone kwa karatasi ngumu.

Kwa mtoto mchanga ogopa baridi kama unavyoogopa homa. Chini ya 36.5 ni baridi tayari, na maambukizi makali kwa kichanga mara nyingi hujitokeza kwa joto kushuka. Mgusano wa ngozi kwa ngozi na mama, kofia kichwani, na kupima tena.

Oksimeta hupitisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana ndani ya kidole, kisha hulinganisha kiasi kilichomezwa na damu. Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyebuni kanuni hiyo miaka ya 1970. Kwa kuwa ni mwanga, chochote kinachouziba huharibu jibu: rangi ya kucha, kucha za bandia, hina nyeusi. Kidole baridi hakina damu ya kutosha na mashine hutoa nambari za kubahatisha, mara nyingi za chini. Kipashe moto kidole kwa dakika chache. Kisha linganisha mapigo yanayoonyeshwa na oksimeta na yale uliyoyahesabu mwenyewe. Yasipolingana, usiiamini oksijeni pia. Kumbuka kwamba Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na mtu mwenye afya kamili anaweza kusoma asilimia moja au mbili chini ya mwenzake wa pwani. Chini ya 90 ni hatari popote.

Makosa mawili ya oksimeta huvuta juu, na hayo ndiyo mabaya zaidi kwa sababu hutuliza moyo wa muuguzi. La kwanza ni rangi ya ngozi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba wagonjwa weusi walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa kuwa na oksijeni ya chini ambayo mashine haikuiona. Sisi wagonjwa wetu ndio hao. Basi 92 kwa mtu anayehema isipewe imani kuliko kuhema kwake. La pili ni moshi wa jiko. Familia iliyolala na jiko la makaa ndani, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, huvuta kaboni monoksidi, nayo hung'ang'ania kwenye damu mahali pa oksijeni. Oksimeta ya kawaida haitofautishi viwili hivyo. Itaandika 98 huku mtu anakufa. Kichwa kuuma, kutapika, kulegea, na watu kadhaa wa nyumba moja kuugua pamoja: toa nje kwenye hewa safi, weka oksijeni kwa kiwango cha juu, na nambari ya kidole isikuzuie.

Macho, mikono, masikio

Uchunguzi wa mwili una njia nne: kuangalia, kupapasa, kugonga na kusikiliza. Unahitaji mwanga wa dirishani, pazia, mikono iliyooshwa na kupashwa joto, na ruhusa. “Mama, nitabonyeza tumbo polepole. Ukisikia uchungu niambie.”

Kuangalia huanza mgonjwa anapoingia mlangoni. Kwenye ngozi nyeusi, usitafute rangi mashavuni. Upungufu wa damu huonekana ndani ya kope la chini, kwenye viganja na ulimi. Kiganja cha mtoto kilinganishe na cha mama yake. Rangi ya buluu itafute ulimini na kwenye ufizi. Manjano yatafute kwenye weupe wa jicho mchana, si chini ya balbu, na kwa kuwa wengi wetu weupe wa macho una ukahawia wa kawaida, angalia pia kaakaa. Kwa mzunguko wa damu, bonyeza kucha au ngozi hadi iwe nyeupe, achia, hesabu: rangi irudi ndani ya sekunde 2, na zaidi ya 3 ni dalili mbaya kwa mtoto. Baridi huchelewesha, kwa hiyo mikono ikiwa baridi bonyeza juu ya mfupa wa kifua.

Kugonga kulielezwa na Leopold Auenbrugger mwaka 1761, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni huko Graz. Anayeishi kwenye ploti yenye tangi la maji anaijua njia hii tayari: unagonga ukutani kutoka juu ukishuka, na mlio unapobadilika kutoka mwangwi hadi mzito, hapo ndipo maji yalipo. Laza kidole cha kati cha mkono mmoja, kikandamize vizuri kwenye ngozi, vidole vingine viinuke. Kigonge kwa ncha ya kidole cha kati cha mkono mwingine, mara mbili, ukitumia kifundo badala ya bega, na uondoe haraka. Pafu lenye hewa hutoa mwangwi. Lenye maji au nimonia hutoa mlio mzito. Tumbo lenye gesi hulia kama ngoma. Mlio mzito juu ya kinena cha mama aliyetoka kujifungua ni kibofu kilichojaa, nacho huzuia kizazi kujibana na kuongeza kuvuja damu.

Stethoskopu, aliyoibuni Laennec mjini Paris mwaka 1816 kwa karatasi iliyokunjwa, huwekwa kwenye ngozi tupu. Nguo inayosugua huiga mchakacho wa mapafu yenye nimonia. Upande wa bapa ubonyezwe kwa sauti nyembamba, kama za mapafu na matumbo; upande wa kengele uguse tu, kwa sauti nzito za moyo. Mgonjwa apumue kwa mdomo wazi, nawe ulinganishe kulia na kushoto, nafasi kwa nafasi, mgongoni na kifuani na chini ya makwapa. Mlio wa filimbi ni njia zilizobanwa. Lakini mwenye pumu aliyekuwa na filimbi, akanyamaza huku amechoka, hajapona: hewa haipiti tena.

Tumbo peke yake hubadilisha mpangilio: angalia, sikiliza, gonga, ndipo upapase, maana kupapasa huchochea matumbo na kuharibu ulichotaka kusikia. Matumbo hulia mara 5 hadi 30 kwa dakika. Usiandike kwamba hayalii kabla ya kusikiliza dakika kadhaa, wengi hufunza 5. Magoti yakunjwe, uanze mbali na panapouma, kwanza kwa kina cha sentimita moja, na macho yako yawe usoni kwa mgonjwa. Uso hukunjamana kabla ya mdomo kusema.

Kuzisoma pamoja

Mama amejifungua saa moja iliyopita. Presha 110/70, mapigo 120, pumzi 24. Presha inaonekana nzuri, na hapo ndipo watu hupotezwa. Mwili unaovuja damu hukaza mishipa na kuharakisha moyo ili kulinda presha, na mtu mzima mwenye afya anaweza kupoteza karibu lita moja na nusu kabla presha ya juu haijaporomoka waziwazi. Gawanya mapigo kwa presha ya juu: 120 kwa 110 ni 1.09. Kawaida ni 0.5 hadi 0.7, na kwa mama aliyejifungua 0.9 tayari ni kengele. Angalia pedi, angalia shuka chini ya mgongo, papasa kizazi, ita msaada, na upime tena baada ya dakika 15 ukiwa umeshaanza kazi. Ukisubiri presha ishuke ndipo uamini, utakuwa umechelewa.

Ongeza hali ya fahamu kila mara: yuko macho, anaitika akiitwa, anaitika kwa maumivu tu, au haitiki. Asiyekuwa macho kamili apimwe sukari papo hapo, kwa kuwa sukari iliyoshuka hutibika kwa dakika chache na huua ikisahaulika.

Kisha andika kwa namna ambayo mwenzako wa zamu ya usiku anaweza kuitegemea: “10:20. Presha 148/92, mkono wa kulia, ameketi, mkanda mkubwa, baada ya dakika 5. Mapigo 88 ya mpangilio. Pumzi 18, dakika nzima. Joto 36.8 kwapani. Oksijeni 96 bila oksijeni ya ziada.” Usizungushe 148 kuwa 150. Na saa iandikwe kwa mfumo wa saa 24, maana mgonjwa akikuambia alimeza dawa ya presha “saa mbili,” anamaanisha 08:00 au 20:00, na kuna chati zilizoandikwa 02:00. Muulize: asubuhi au usiku?